Jina la Mdogo Wangu Halibeki

Enzi zetu, sisi tuliokimbia mchakamchaka kabla umande haujakauka kwenye migomba, mtoto hakupewa jina kimyakimya. Jina lilikuwa jambo la ukoo, la majirani na la kanisa, na miaka ile ya ujamaa lilikuwa pia jambo la balozi wa nyumba kumi. Kama huamini, njoo kijijini kwetu Muleba uulize habari za mdogo wangu Halibeki. Mpaka leo wapo wazee wanaoapa kwamba baba yetu alimpa mwanawe jina la baiskeli.

Baiskeli yenyewe ilikuwepo kweli. Tata, ndivyo tulivyomwita baba yetu kwa Kihaya, aliinunua Bukoba mjini mwaka mmoja kahawa ilipokubali, akaiendesha mpaka nyumbani huku mabomba yake yangali yamefungwa karatasi za kaki. Ilikuwa nyeusi, na mbele ilikuwa na kibati chenye picha ya jogoo na neno HALBECK. Sisi tulisoma Halibeki. Kila Jumamosi tuliipangusa pamoja naye kwa kitambaa cha khanga kuukuu chenye mafuta ya taa, tukigombania zamu ya kupiga kengele, na jikoni ndizi na maharage vikichemka kwenye chungu kilichofunikwa majani ya mgomba. Bibi, mama yake Tata, alikuwa akisema kwamba mwanawe angempangusa mkewe namna ile, mkewe angeng'aa kuliko sahani ya harusi.

Nilikuwa darasa la tatu siku Mama aliposhikwa na uchungu. Nilirudi mchana kutoka shamba la shule, jembe begani, nikamkuta Tata anamketisha Mama kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Mama alikuwa ameuma ncha ya khanga yake. Tata akasukuma, mimi nikamshika Mama mgongoni asianguke, tukapanda kilima hadi barabara kuu. Lori la ushirika lililojaa magunia ya kahawa lilikuwa linapita. Dereva hakuuliza kitu. Alimwambia utingo wake apande juu ya magunia, akamweka Mama mbele, na Tata akaparamia nyuma. Mimi nikarudi na baiskeli nyumbani, naisukuma huku nalia, miguu yangu haifiki hata kwenye pedali.

Huko hospitali ya misheni mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Aliyempokea Mama alikuwa mkunga wa Kizungu, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa, ambaye wote walimwita kwa jina lake la ukoo: Sista Halbeck. Ndiyo, kama baiskeli. Alikaa na Mama mpaka mtoto akatoka, na mtoto alipotoka hakulia. Sista akampulizia pumzi kwa mdomo wake mwenyewe, tena na tena, mpaka manesi wenzake wakaanza kutazama chini. Kisha mtoto akapiga chafya, akalia. Tata alikuwa nje ya dirisha, alisikia yote.

Kesho yake alirudi nyumbani, hata hakukaa. "Ni mvulana," akasema. "Ataitwa Halibeki."

Bibi aliacha kumenya ndizi. "Kama baiskeli?"

"Kama Sista aliyemfufua."

"Waitu, mwanangu, hapa nani anamjua Sista? Baiskeli wanaijua wote! Mtoto ataitwa Kamugisha, jina la marehemu baba yako."

Hapo ndipo maoni yalipofumuka kama senene msimu wa mvua. Mzee Laurian, balozi wetu, alikuja na daftari lake kwapani. "Ndugu," akamwambia Tata, "wakoloni tumewatoa mlangoni, wewe unawarudisha kwa dirisha? Na hili ni jina la kampuni! Tunajenga ujamaa, halafu mtoto anatembea kijijini akitangaza biashara ya mabepari bure?" Jirani mmoja akasema hakuna ubaya, ila mtoto akizaliwa mwingine asiitwe Pampu. Watu walicheka mpaka wakamwaga lubisi, pombe yetu ya ndizi. Kanisani kwetu, sisi Walutheri, Mchungaji alisema Halibeki hayumo katika Biblia. Tata akamjibu kwamba hata yeye Mchungaji jina la baba yake halimo. Mchungaji akakohoa.

Lakini si yote yalikuwa kicheko. Mama alipotolewa hospitali, Bibi alimpokea vizuri, akampikia, akamkanda kwa maji ya moto, ila mtoto hakumpakata. Alisema hawezi kumwimbia mjukuu wake jina la chuma. Wiki nzima ilipita. Mama alikuwa akigeukia ukutani, namwona mabega yanatikisika. Siku moja akawaambia Tata na Bibi, sauti chini: "Mnabishania jina. Mimi niliona akizaliwa bila pumzi. Mwiteni mnavyotaka, lakini mpakateni."

Tata alitoka nje, akasimama kwenye kahawa zake. Nilijua anataka kukubali, na nilijua inamuuma.

Siku iliyofuata Sista Halbeck akaja kumkagua Mama, akisindikizwa na nesi mmoja wa kutafsiri. Alituamkia kwa Kihaya cha kuchechemea, akapewa kigoda na kikombe cha chai. Tata akamweleza ugomvi wote, balozi na pampu na kila kitu. Sista alicheka mpaka akavua miwani. "Hata mimi shuleni walinipigia kengele ya baiskeli," akasema. "Si ndugu zangu wanaozitengeneza, ni jina tu limefanana. Lakini msigombane. Mpeni la babu yake."

Bibi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, akamuuliza, "Wewe una watoto?"

"Sina, Bibi."

"Kaka je?"

"Nilikuwa naye mmoja. Alikufa vitani. Jina letu litaishia kwangu."

Nesi alipomaliza kumtafsiria maneno hayo, Bibi aliuachia mlango. Halafu akaingia ndani, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa Mama, akatoka naye, akamweka kwenye mapaja ya Sista. "Basi haliishii," akasema. "Ataitwa Halibeki Kamugisha. Mume wangu hakuwa mchoyo, atakubali kukaa na mgeni."

Sista alimwinamia mtoto, machozi yakawa yanadondoka kwenye nepi. Mchungaji alimbatiza kwa jina la Elia ili Biblia nayo isikose haki yake, na Mzee Laurian akaandika majina yote matatu kwenye daftari, akilalamika kwamba mstari hautoshi. Siku ile tulikula mpaka tukalegeza mikanda.

Shuleni walimwita Hafubeki, na alipokimbia walimpigia kengele kwa midomo. Hakujali, alikuwa mwepesi kuliko wao. Sista alipostaafu na kurudi kwao, alipita kuaga. Akamwomba mdogo wangu aandike jina lake. Akaandika HALIBEKI kwa herufi kubwa zilizopinda, na Sista hakumsahihisha. Alikunja karatasi ile akaitia ndani ya Biblia yake.

Siku hizi vijana wetu wamestaarabika. Mwezi uliopita binti yake Halibeki, anayeishi Kibeta, Bukoba mjini, alijifungua msichana, akampa jina la manukato. Habari ilitufikia kwenye kundi la ukoo la simu, jina likiwa limeshaandikwa kwenye cheti. Watu arobaini wakajibu kwa vidole gumba na maua. Hakuna aliyeuliza kwa nini, hakuna aliyekataa, hakuna aliyecheka. Enzi zetu jina kama hilo lingekula mikungu mitatu ya ndizi na wiki mbili za ubishi.

Sikuweka kidole. Nilipanda basi asubuhi, nikapita Kemondo nikanunua samaki, nikafika Kibeta kabla ya chakula cha mchana. "Shangazi, mbona hukusema unakuja?" akauliza, macho yamejaa usingizi wa mzazi. Nikanawa mikono, nikampakata mtoto. Kisha nikamwambia mama yake aketi, anieleze jina hili amelitoa wapi, nami nimekuja tayari kubisha.