Manyoya Kwenye Bampa

Nimefanya kazi ya kuvalisha magari stika kwa miaka minane na bado sijauzoea uchafu wake. Watu hudhani gari la kifahari ni safi. Hebu piga magoti mbele ya bampa lake ukiwa na spiriti na mswaki mkononi, uone. Panzi waliopondeka, lami, matapishi ya mtoto yaliyokaukia chini ya mlango, na mwenye gari amekaa pembeni ananukia marashi. Vyote hivyo lazima uving'oe kwa mkono, maana chembe moja ya mchanga ikibaki chini ya stika, kesho yake inavimba kama jipu.

Hapa Dodoma tuna adhabu mbili. Kuna vumbi, na kuna maji. Maji yetu yana chumvi; yakikauka kwenye bati yanaacha madoa meupe, na juu ya madoa yale stika haishiki. Kwa hiyo karakana yetu ya Makole ilikuwa na desturi ambayo nilipoanza kazi nilidhani ni mzaha: likija gari la bei mbaya, tunanunua madumu ya maji ya kunywa dukani na kuliogesha kwa hayo. Mimi nililelewa na shangazi yangu huko Chemba, mahali ambapo maji hufuatwa mbali na punda. Siku ya kwanza niliyomimina maji ya kunywa juu ya boneti niligeuka nyuma kama mwizi. Baadaye nikazoea. Binadamu huzoea hata harufu ya choo.

Gari ninalolisema lilikuja Jumatatu asubuhi. Lilikuwa fupi, la milango miwili, limelala chini hata ungedhani limekatwa miguu, na njano yake iliumiza macho. Mwenyewe alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, viatu vyeupe pe. Alitaka tulivalishe lote kijani kilichofifia, mati, yaani rangi iliyonyang'anywa mng'ao. Alitaka hata kingo za ndani za milango, ambazo kwa kawaida tunaziacha kwa kuwa zinachosha na hakuna anayezitazama.

"Nisione njano popote," alisema.

Bosi wangu akamkumbusha kwamba rangi ikibadilika, kadi ya gari nayo hubadilishwa.

"Hiyo niachie mimi, braza."

Bosi akaridhika. Bosi yule alikuwa mwepesi sana wa kuridhika.

Mimi nilikuwa nimesimama tu nalitazama. Siku mbili kabla, Jumamosi, shangazi alikuwa amenipigia simu. Punda wake alikuwa amegongwa akafa kwenye barabara kuu ya Kondoa, akirudi kutoka kisimani na madumu manne mgongoni. Gari halikusimama. Majirani waliokuwa shambani hawakuwahi kusoma namba. Waliona gari fupi, la njano, likikimbilia Dodoma. Mtendaji wa kijiji alimwambia kwamba likipatikana atadai fidia na kununua punda mwingine. Lisipopatikana, basi, ndoo kichwani, kwa umri ule na goti lile bovu.

"Wewe uko na magari huko," aliniambia kwa lugha yetu. "Niangalizie."

Nikapiga magoti. Kwenye wavu wa mbele, chini ya taa ya kushoto iliyokuwa mpya kuliko mwenzake, kulikuwa na manyoya ya kijivu na singa chache nyeusi, vyote vimegandia kwenye kitu cheusi chenye mafuta. Nilipoyasugua kwa spiriti yakalainika, yakaanza kunuka, mate yakanijaa kinywani nikatema chini. Nikamuuliza kijana yule ni nini.

"Mbwa, braza. Mbwa wa huku hawajui barabara." Akacheka kidogo, akarudi kwenye simu yake.

Mbwa gani ana singa ndefu nyeusi, ngumu kama nyuzi za katani? Nimetoa kupe kwenye shingo za punda tangu nikiwa na miaka sita. Nilijua kabla sijauliza, nikauliza ili nidanganywe.

Nilimfuata bosi nyuma ya karakana nikamweleza yote: simu ya shangazi, taa mpya, manyoya. Alinisikiliza huku akichokonoa meno.

"Sisi tunavalisha, hatupelelezi," akasema. "Nikimchoma mteja polisi, kesho nani ataleta gari hapa? Kama linakushinda, vua ovaroli, nimpe mwingine."

Ningependa niandike hapa kwamba nilikuwa na mke mjamzito, au mgonjwa kitandani. Sikuwa na shida yoyote ya kunitetea. Ukweli unaonitia kinyaa kuliko manyoya yale ni kwamba nililitaka gari lile. Miaka yote nilikuwa navalisha pikapu za matangazo na magari ya harusi, na sasa mabega mazuri kama yale, mikunjo ile, yamenijia mwenyewe. Sikutaka mkono wa mtu mwingine uyaguse.

Nilifanya siku tatu. Nilichokonoa manyoya kwa kijiti cha meno, nikayafunga kwenye gazeti pamoja na ule weusi wake, nikayatupa jalalani. Nikaliogesha gari kwa madumu sita ya maji ya kunywa. Kisha nikatandaza stika, nikaipasha moto, nikaivuta, nikaikandamiza, hadi kingo za milango, hadi ndani ya kifuniko cha mafuta. Nilipofika kwenye bampa nilipumulia mdomo, ingawa harufu ilikwisha kutoka. Shangazi alinisomesha kwa kuuza maji yaliyobebwa na punda wa namna ile. Sare, daftari, viatu, vyote vilitoka mgongoni mwa mnyama. Wanasema asante ya punda ni mateke. Punda nilikuwa mimi, na teke langu nililipiga kwa ustadi, maana sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Hapakuwa na kiputo hata kimoja.

Alhamisi mchana kijana akaja kulichukua. Alikuwa bado analizunguka, anapitisha kiganja bila kuligusa, shangazi alipoingia getini. Alikuwa ametoka stendi kwa miguu, vumbi hadi magotini, kikapu mkononi, na barua ya mtendaji ameishika kifuani ndani ya mfuko wa nailoni. Hakuwa ameniambia kwamba anakuja.

Kijana ndiye aliyemwahi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akampokea kikapu. Akamvutia kiti kivulini, akakipangusa kwa kitambaa chake mwenyewe, akaniagiza mimi nimletee mama maji. Nikamletea. Shangazi alikunywa yote bila kupumzika, kisha akalitazama gari.

"La kwako hili?"

"La kwangu, mama."

"Zuri. Halipigi kelele machoni." Akanionyesha kwa kidevu. "Amelifanya huyu?"

"Huyu huyu. Ana mikono ya dhahabu."

Shangazi akatabasamu kwa fahari hadi nikaona pengo lake. Barua ilikuwa mapajani mwake. Kati yake na bampa palikuwa na hatua tatu, nami nilikuwa na wembe mfukoni. Kuchana kidogo tu kwenye kona, njano ingetoka. Bosi alikuwa mlangoni ananikazia macho. Mkono wangu ulishika wembe ule, ukabaki nao mfukoni.

"Mungu akulinde njiani, mwanangu," shangazi alimwambia kijana alipokuwa anaingia garini. "Barabara zina mabaya."

"Amina, mama."

Gari likatoka polepole, likikwepa mashimo, likapotea kwenye kona. Shangazi akanigeukia, akaacha Kiswahili, akaniambia kwa lugha yetu: "Umemwona yule? Mtu wa namna ile angemgonga mnyama wa watu, angesimama."

Akaninyooshea barua. Niliichukua, nikaisoma hadi mwisho kana kwamba sijui kilichoandikwa, nikamwambia nitaulizia.