Pua ya Kuazima

Nilipohamia ploti ya Kitengela ninayokaa hadi leo, nilikosana na jirani yangu Seleyian ndani ya wiki ya kwanza. Mimi ni mwalimu, na nguo zangu za kazi nilikuwa nimezianika uani usiku kucha. Kufika shuleni, wenzangu wakaniuliza kama siku hizi napikia kuni. Jioni nikamwendea jirani huyu, mama Mmaasai wa miaka sitini na kitu, nikiwa nimefura.

"Mama Hillary, moshi yako imeingia kwa nguo zangu. Zinanuka!"

"Hazinuki," akasema polepole. "Zinanukia. Ingia ukunywe chai."

Sikutaka chai yake. Nilikunywa vikombe viwili.

Siku hiyo alinieleza. Utotoni, huko nyuma ya Kajiado, mamake alisafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini. Kila alipokisugua ndani alikuwa akiomba: ng'ombe warudi, watoto wapone, mvua inyeshe. Harufu na maombi vikaingia kichwani mwa binti pamoja, na havikuachana tena. Sasa Seleyian ni mtu wa kanisa, anaimba kwaya, lakini kila asubuhi lazima aweke kipande cha oloirien juu ya kaa la moto kwenye kigae, asubiri moshi upande, ndipo afungue kinywa. Bila hiyo, alisema, ni kama kupigia simu mtu ambaye amezima yake.

Nikazoea. Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mbuga, ule moshi mwembamba ulipita chini ya mlango wangu ukanikuta kati ya usingizi na kuamka. Mara niko Bungoma jikoni kwa kukhu, bibi yetu aliyekwisha kufa, naye bado yu hai. Mara niko mahali nisipopajua, penye nyasi ndefu na kengele za ng'ombe, na miguu yangu haigusi chini. Mume wangu Wanjala akinitikisa niamke, nilimkasirikia sana. Nimechelewa kazini kwa sababu ya harufu, na sioni haya kusema.

Mwaka jana, msimu wa baridi, Seleyian akashikwa na mafua. Mafua yakapona, pua ikabaki kimya. Asubuhi moja nilimkuta ameketi mbele ya kigae, moshi unapanda, machozi yanashuka.

"Elsie, moshi naona, lakini harufu sisikii. Mungu amehama."

Nilimwambia Mungu hahami kwa sababu ya mafua. Alinitazama kama anayemtazama mwanafunzi aliyejibu swali ambalo hakuulizwa. Akaacha kuomba, akaacha kwaya. Daktari alisema pua inaweza kurudi, au isirudi. Kwa miezi mitatu nilimwona akipungua, akitia chumvi mara mbili kwenye sufuria, akikaa tu. Niliogopa. Nilikuwa nimempenda mama yule kuliko nilivyojua, hata nilikuwa nimeanza kumwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao.

Basi siku moja nikachukua kigae, nikawasha mwenyewe, nikamketisha.

"Wewe funga macho. Mimi nitanusa nikwambie."

"Inanukia aje?" akauliza.

"Iko na utamu kidogo, kama maziwa imeanza kuganda."

"Na chini yake?"

"Chini yake kuna majivu. Na ngozi."

Siku ya nne midomo yake ikaanza kucheza. Alikuwa anaomba, na mimi nilikaa pale nikinusa kwa niaba ya mtu mwingine, nimelewa moshi, sijui tena asubuhi ile ni yangu au ni yake.

Kisha nyasi zikaisha. Hillary mwanawe, ambaye ndiye hutuletea kuni za oloirien, akahamisha ng'ombe hadi mpakani, na kuni zikakoma. Nikavunja kipande cha mwisho, nikakiwasha, na sikuwa na moyo wa kumwambia. Kesho yake nilipitia kwa Kinyanjui, fundi wa mbao hapo barabarani, anayetengeneza vitanda, milango na majeneza, nikaokota vipande vya mbao yake ya saiprasi.

"Leo inanukia aje?" Yeyo akauliza, macho yamefungwa.

"Vile vile. Maziwa, majivu, ngozi."

Aliomba vizuri sana siku hiyo. Aliniombea mimi kwa jina, akashukuru kwa ajili ya pua yangu ya kweli. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaendelea hivyo wiki mbili, kila asubuhi nikitaka pua yake irudi na nikiogopa isije ikarudi siku hiyo.

Jumanne moja akanyamaza katikati ya maombi. Akafungua jicho moja.

"Elsie."

"Yeyo."

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa."

"Sasa mbona nyumba yangu inanuka jeneza?"

Nilifungua mdomo nijitetee, nikajikuta nalia. Yeye alikuwa ameinama juu ya kigae, anavuta ule moshi kwa matundu yote mawili ya pua, anacheka, anakohoa, ananiita mwongo, mwongo, mwongo, na mimi naitika kila mara.