Uso wa Kwenye Karatasi ya Sabuni

Mwalimu wa sanaa aliingia na bunda la karatasi kifuani, akalibwaga mezani, vumbi likatimka. Alilipata kwa mwuza karatasi kuukuu, yule anayewauzia wenye maduka karatasi za kufungia sukari na misumari. Bibi aliyekuwa akifagia chini ya madawati aliinua kichwa ili ampishe, na hapo akajiona. Alijiona mara nyingi mno: uso uleule, shingo ileile iliyopinda kidogo, ua jekundu lilelile juu ya sikio, safu kwa safu, karatasi juu ya karatasi.

Alilishika fagio kwa mikono miwili kama mgonjwa aliyeshika ukingo wa kitanda.

Zamani, kabla sabuni hazijaanza kuletwa kutoka mbali zikiwa zimevikwa plastiki, mji ule ulikuwa na kiwanda cha sabuni, na kiwanda kilikuwa na king'ora, na king'ora kilipolia hata kuku walijua saa. Siku hizo alikuwa msichana wa chumba cha kufungia. Kipande cha sabuni kilimfikia kingali na joto. Anakivisha karatasi, anakunja huku, anakunja kule, anapitisha gundi kwa kidole, anavuta kingine. Wasichana waliimba wakifunga, na msimamizi aliwaacha waimbe kwa kuwa mikono ilifuata wimbo. Siku moja akaja mpiga picha na mwavuli wake mweupe, akawapanga ukutani, akawatazama mmoja mmoja, kisha akanyoosha kidole. "Huyu." Basi. Malipo yake yalikuwa katoni moja ya sabuni, na nyumba nzima kwao ilinukia maua, hata baba yake, mwashi, mtu wa saruji na jasho.

Picha ikapelekwa kwa mchoraji. Msichana alikuwa na kidoti cheusi kando ya pua, mchoraji akakifuta. Akamnyoosha nywele, akaziba mwanya wa meno, akamng'arisha ngozi mpaka ikawa rangi ya chai iliyozidiwa maziwa. Wenzake walipoiona karatasi yenyewe waliangua kicheko. "Shoga, wamekuogesha kwelikweli!" Naye akacheka nao. Wakati ule haikuwa na neno, kwa sababu kila mtu alijua ni yeye. Wenye maduka walimwita kwa jina la sabuni, vijana walimpigia mluzi, mama yake aliibandika karatasi mlangoni kwa ndani. Hakuhitaji ushahidi. Ushahidi ulikuwa watu, na watu walikuwapo.

Sasa hawapo. Kiwanda kilifungwa, mitambo ikauzwa kwa uzito kama vyuma chakavu, jengo likawa ghala la matairi. Waliomjua wametangulia, na wachache waliobaki uzee umewachanganya hata wanawaita watoto wao kwa majina ya wajomba. Mwanamke ambaye uso wake uliwahi kukaa katika kila bafu la mji alipata kibarua cha kufagia shule, na watoto humwita Bibi Fagio, mbele yake, bila hata shikamoo.

Mmoja wa watoto wa shule hiyo ni wake. Ni mjukuu wake, aitwaye Kidoti kwa sababu alama ya bibi ilimrukia yeye, mahali palepale. Bibi amemlea tangu mama yake afariki, mtoto akiwa hajaanza kutambaa. Kumsimulia mtoto huyo habari za sabuni ndiko alikoteleza. Kidoti alivimba kichwa, akaenda kuwatangazia wenzake, wakamwita mwongo, akamzaba mmoja kibao. Mwalimu mkuu akakata shauri: ijulikane nani mkweli, kisha Ijumaa, kwenye mstari wa asubuhi, mkosaji aombe radhi mbele ya shule nzima.

Na siku hiyo ya karatasi ilikuwa Alhamisi. Asubuhi, njiani, mtoto alikuwa amemshika bibi kiwiko.

"Bibi, leo utawaambia?"

"Nikiulizwa."

"Usiseme nikiulizwa. Sema ndiyo."

"Ndiyo, mama. Nitawaambia."

Mwalimu wa sanaa alikuwa binti mwenye roho nzuri na viatu vya raba. Alilifungua bunda, akapiga makofi kuwanyamazisha. "Leo tunafanya sanaa ya pop," alisema. "Tunachukua kitu cha dukani, kile ambacho watu wamekizoea mpaka hawakioni tena. Tunakirudia. Tunakipaka rangi zinazopiga kelele, tunakibandika vitambaa, vizibo, vifungo, chochote, mpaka watu wakione upya. Kila mmoja nyuso nne kwenye boksi lake. Haya!"

Mikasi ikaanza kulia. Watoto walimkata shingoni, walimkata kwenye paji. Mmoja alimpaka kijani, mwingine zambarau, mwingine alimtia vizibo viwili vya soda mahali pa macho. Msichana wa dawati la mbele alitoa zipu kwenye koti lililochanika akaigundisha mdomoni, akasifiwa. Bibi alikusanya yaliyodondoka: nusu ya nyusi, kipande cha ua, kidevu. Mikono yake, ambayo zamani haikuwahi kupoteza karatasi hata moja, iliyasukuma yote kwenye pipa.

Akasikia sauti ya yule aliyezabwa kibao, mvulana waliyemwita Mapengo kwa meno aliyokuwa hana.

"Madam, tunahangaika bure. Mwenye sura si yuko hapa? Anafagia."

Darasa likalipuka. Kidoti akasimama, mkono una gundi mpaka kwenye kifundo.

"Ndiye! Bibi, waambie."

"Ndiye nani?" mwalimu aliuliza, na alipoelezwa alifungua macho kwa furaha ya kweli. "Kumbe! Na mlikuwa mnanificha? Bibi, tafadhali njoo ukae hapa."

Akawekewa kiti mbele ya ubao. Alijifuta mikono kwenye gauni la kazi, akakaa. Kidoti alichagua karatasi safi, isiyokatwa, akaishika kando ya shavu la bibi yake kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Watoto wakasogea, viti vikakwaruza sakafu.

"Kidoti chake kiko wapi?" Mapengo aliuliza.

"Mchoraji alikifuta," bibi akajibu.

"Na nywele hizi?"

"Alizinyoosha yeye."

"Na huo mwanya, bibi?"

"Aliuziba."

"Huyo alikuwa mchoraji au fundi wa kunyoosha magari?"

Walicheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati. Hata mwalimu alicheka ndani ya kiganja, kisha akajikaza. Bibi alitabasamu pia, maana mtu akikaa kwenye kiti cha mbele hana la kufanya na uso wake. Lakini Mapengo sasa hakuwa anachekesha. Alikuwa amekunja uso, anafikiri, kama mtoto anayetoa hesabu.

"Subirini. Amefuta kidoti, amebadilisha nywele, amebadilisha meno, mpaka rangi. Sasa kilichobaki chako ni kipi?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Aliichukua karatasi mkononi mwa mjukuu, akaisogeza mbali, kwa kuwa macho yake hayaoni tena vitu vya karibu, akatafuta kwa haki. Macho? Yalikuwa makubwa kuliko yake. Midomo haikuwa yake.

"Shingo," alisema mwishowe. "Shingo ni yangu. Aliniambia niipinde hivi."

"Hebu tuone."

Akaipinda. Aliipinda vilevile alivyoelekezwa na mwenye mwavuli mweupe, kidevu juu, bega moja chini, na ngozi ikajikunja chini ya taya ikaning'inia. Kisha mtu wa nyuma akakohoa kicheko alichoshindwa kukizuia, na wengine wakamfuata.

Hicho angeweza kukivumilia. Amekula chumvi nyingi, amechekwa kwa mengi. Kilichomvunja moyo kilikuwa karibu zaidi. Aliona macho ya Kidoti yakitoka kwenye karatasi yakija usoni pake, yakirudi kwenye karatasi, polepole, yakipima. Mjukuu wake naye alikuwa akitafuta, na hakupata.

"Mwongo!" mtu akasema. "Kesho unaomba radhi, Kidoti. Mbele ya shule nzima!"

"Na upige magoti!"

"Taratibu, jamani," mwalimu akasema. "Labda bibi alikuwa anamtania mjukuu wake tu. Eti, bibi?"

Alisema kwa wema, kama anavyofunguliwa mlango mtu aliyekwama. Bibi alitazama madirishani. Angemwita nani awe shahidi? Wa chumba cha kufungia wako makaburini. Mpiga picha hata jina lake hakulijua. Angeweza kula kiapo hapo mpaka kengele ilie, na kesho asubuhi mtoto angesimama peke yake mbele ya mistari yote ile.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuwa namtania. Mimi ndiye niliyemdanganya. Mtoto alirudia maneno yangu tu, hana kosa."

"Mmesikia? Kidoti si mwongo. Nitamweleza mwalimu mkuu mwenyewe. Haya, rangi zinakauka!"

"Kumbe mwongo ni Bibi Fagio," mmoja alinong'ona, na mwalimu akamwambia ashike adabu. Watoto wakarudi kwenye gundi yao. Jambo lilikuwa limekwisha. Bibi alikirudisha kiti mahali pake, akaendelea kufagia alipokuwa ameachia.

Jioni walirudi nyumbani kwa barabara ileile. Kidoti hakumshika kiwiko. Walipita kwa fundi viatu, wakapita kwenye bomba la maji, ndipo mtoto akasema bila kugeuka:

"Bibi, kweli ulinidanganya?"

Jibu lilimjia mpaka kwenye ulimi. Lakini alimjua mjukuu wake, hana kifua. Ukimpa neno jioni, asubuhi liko darasani. Angeutetea ukweli huo kwa vibao, na kiti kingewekwa tena mbele ya ubao.

"Ndiyo, mama. Nilipiga chuku."

Wakaenda. Lori likapita, wakasimama pembeni vumbi litue.

"Na yale ya mama?"

"Yapi?"

"Kwamba alikuwa anacheka usingizini. Kwamba jina langu ndilo la mwisho alilotaja. Nayo je?"

Bibi alisimama kabisa. "Hayo ni kweli tupu, mjukuu wangu. Haki ya Mungu."

"Hata la sabuni uliniapia."

Ni kweli aliapa. Alifungua mdomo, akatafuta kiapo kingine kilicho kikubwa kuliko kile, hakukiona. Kidoti alisubiri kidogo. Kisha akauhamisha mkoba wake kwenye bega la upande wa bibi, ukakaa katikati yao.

"Sawa, bibi," alisema, kwa adabu nzuri, kama ajibiwavyo mtu wa kupita, akatangulia.