Gari Tupu

Kama kulikuwa na kitu kilichomkera Sila kuliko mvua kuchelewa, basi ni gari lililolala nyuma. Miaka nenda rudi aliendesha Land Cruiser ya zahanati ya kanisa, kule kijijini upande wa Mtera, na miaka yote hiyo gari lilitembea pua juu, makalio chini. Kiangazi kisima cha zahanati hukauka, kwa hiyo kila aliporudi kutoka barabara ya lami alirudi na mapipa mawili ya maji, magunia ya watu, mabati ya watu, na siku nyingine mbuzi wa watu. Springi ya mwisho ilimkatikia korongoni, akalala porini na maji yake. Asubuhi aliapa kwamba hatalala tena.

Kamati ya zahanati ilipokubali kununua springi mpya, alikwenda mwenyewe mjini Dodoma kwa Abdulwahab, fundi mwenye asili ya Kondoa, mcheshi asiyejua kunong'ona. Abdulwahab akampangia seti mbili chini, vyuma bapa vimelaliana kimoja juu ya kingine. Seti moja ilikuwa ya kawaida. Nyingine ilikuwa nene, imeongezwa vyuma.

"Hii nene inabeba chochote, mzee wangu," alisema. "Ila inataka mzigo. Gari likiwa tupu litarusha."

"Litakuwa tupu lini?" Sila alicheka. "Gari lile halijawahi kuwa tupu tangu lianze kuitwa gari."

Wakacheka wote wawili, na Sila akachukua nene.

Alirudi kijijini kifua mbele. Mapipa yakapakiwa, gari likabaki limesimama sawasawa, naye akalizunguka akiwaonyesha watu ambao hawakuwa wameuliza. Majuma yale Sila alikuwa na furaha ya kuudhi.

Kisha ikaja siku ya Mwanne. Mwanne alikuwa jirani yake, na mimba yake ilikuwa haijatimiza miezi alipoanza kutokwa na damu. Mapipa yalishushwa ili apate nafasi, nesi Violeth akamlaza nyuma kwenye godoro, Sila akaondoa gari kwenda hospitali. Njiani Violeth aligonga kibini, chumba cha dereva, kwa ngumi, "Polepole!" Sila akapunguza. Halafu akaikumbuka ile damu, akaongeza mwendo. Ngumi ikagonga tena, na tena.

Mwanne alipona. Mtoto hakupona. Daktari alisema huenda mtoto alikwisha kufa kabla hawajaondoka nyumbani, na hakuna aliyemlaumu Sila. Hata Mwanne hakumlaumu. Wakikutana njiani alimwambia, "Shikamoo, Baba Erica," kama siku zote, akapita. Salamu hiyo ilimuuma Sila kuliko tusi.

"Baba Erica," Violeth alimuuliza siku moja, "umewahi kulala kule nyuma?"

"Mimi ni dereva, si mgonjwa," alijibu kwa ukali. Lakini swali lilimganda. Safari iliyofuata ya mjini alimkabidhi Abdulwahab ufunguo, akajilaza kwenye godoro, akamwomba ashike barabara mbovu ya kuelekea Zuzu.

Kwenye kiti cha dereva Sila aliyajua mashimo kwa makalio yake na hakuyaogopa. Huku nyuma yalikuwa mashimo mengine kabisa. Gari lilimtupa juu, likampokea kwa kiuno, likamtupa tena kabla hajapata pa kushika. Alipiga kelele Abdulwahab asimame, lakini kwa ngurumo ya injini Abdulwahab hakusikia kitu. Hapo ndipo Sila alipoanza kugonga kibini kwa ngumi.

Gari liliposimama alikaa kwenye ukingo wa nyuma, hataki kumtazama mtu. Siku ile mapipa yalishushwa, Mwanne akapakiwa. Kwa springi alizozichagua yeye, gari lenye Mwanne ndani lilikuwa gari tupu.

"Nikupunguzie vyuma viwili?" Abdulwahab aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Na mapipa?"

"Utabeba moja moja. Ukibeba mawili, zitakatika tena."

Sila aliwafikiria akina mama wanaojifungulia zahanati isiyo na hata maji ya mkunga kunawia mikono. Alifikiria pia, tusimfichie, vile watu watakavyomcheka. "Tusubiri mvua," alisema, akaondoka na springi zake.

Mvua haikuja. Kilichokuja ni uchungu wa Erica, binti yake, aliyekuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza kwa mama yake, kama ilivyo desturi. Asubuhi ile Violeth alimpima, akatoka nje akijifuta jasho. Mtoto amekaa vibaya, alisema, hapa hazaliki, ni hospitali tu.

Sila akarudisha gari kinyumenyume hadi mlangoni. Erica alikuwa ameshikilia mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili.

"Baba, nisamehe. Kwenye gari hilo sipandi."

"Mwanangu."

"Nitakufa hapa hapa. Sitarushwa."

Sila aliwageukia watu waliokusanyika. Gari linataka mzigo, alilijua hilo sasa mpaka kwenye mifupa. Watu wakataka kujipakia, Violeth akakataa: wakijaa, atamhudumia wapi? Mchanga ulikuwa korongoni, mbali. Mapipa mawili yalikuwepo, lakini yalikuwa makavu, maana asubuhi ile ndiyo alikuwa aende kuyajaza.

"Naomba maji," alisema Sila. Aliomba bila kumtazama mtu, kwa sababu mwezi ule kumwomba mtu maji kulikuwa kumwomba uji wa watoto wake. Watu walitazamana. Walikuwa na haki ya kutazamana.

Aliyetoka wa kwanza alikuwa Mwanne, ndoo kichwani. Alipanda garini, akamimina kwenye pipa, akashuka, akarudi kwake kuleta nyingine. Ndipo milango mingine ikafunguliwa.

Pipa lisilojaa hupiga mawimbi na kuliyumbisha gari, kwa hiyo ilibidi yajae hadi mdomoni. Sila alichuchumaa kwenye tairi, akitazama vile vyuma vinene vikikubali kidogo kidogo. Gari likaanza kulala nyuma. Yeye aliyelichukia jambo hilo maisha yake yote alikuwa akiliombea sasa.

Pipa la pili lilibakiza kidogo lijae. Mwanne akaja na ndoo nusu.

"Hayo ndiyo ya mwisho kwako?" Sila aliuliza.

"Jaza, Baba Erica."

Erica akauachia mwimo. Mwanne akapanda naye, akakaa pale pale alipokuwa amelazwa siku ile, akampakata kichwa. "Nikigonga," alimwambia Sila, "usiongeze mwendo."

Sila aliendesha akisikiliza kwa mgongo. Korongo likapita, kimya. Mashimo ya baada ya korongo yakapita, gari likizama na kuinuka kwa upole, kimya. Walipofika lami kibini ikagongwa, naye akasimama papo hapo.

"Endesha tu," Mwanne alisema. "Anauliza tumefika wapi."

Mtoto alitolewa kwa upasuaji, wa kike, akilia. Kabla ya kurudi kijijini na Mwanne, Sila alipitia kwa Abdulwahab, akaagiza springi za kawaida, zikapangwa kando zikimsubiri. Tangu hapo angebeba pipa moja, na angekwenda mara mbili. Atakayecheka acheke.

Lakini siku hiyo aliondoka na zile nene kwa mara ya mwisho, kwa kuwa maji ya watu yalikuwa bado garini, na alitaka yarudi yote. Alianzia kwa Mwanne. Aliijaza ndoo yake mpaka ikafurika miguuni mwao, na bado akaendelea kumimina, mpaka Mwanne mwenyewe alipomshika mkono.