Fundi Cherehani Ajaza Fomu ya Kliniki

Kwenye kliniki ya matumbo, fundi cherehani hamsalimu mtu kabla hajakagua choo. Hutikisa komeo, hufungua bomba, hupapasa karatasi ya chooni kama anayechagua kitambaa cha suti, ndipo hutoka na kutangaza kwa sauti ya mnadani, "Leo panafaa!" Wagonjwa wenzake hucheka, kwani wote wana ugonjwa ule ule wa utumbo usiopona, na wote walikuwa wakingoja taarifa hiyo. Fomu ya maoni ikija, huikosoa swali kwa swali mpaka muuguzi amsihi, "Baba, jaza tu."

Wiki hii daktari mgeni, binti aliye rika moja na kitindamimba wake, aliweka kalamu chini akamuuliza, "Mzee wangu, tumbo likikubana na mteja yuko mbele yako, unafanyaje?" Miaka tisa madaktari walikuwa wakimuuliza tu anakwenda haja mara ngapi na ya rangi gani. Fundi akaeleza polepole jinsi anavyowaacha watu wamesimama na pini mabegani, na jinsi wengine hawakurudi tena. Alitoka akipangusa miwani. Muuguzi alipompa fomu, hakukosoa kitu. Penye nafasi ya maoni aliandika, "Leo nimeulizwa," kisha akaomba karatasi ya pili.