Panya Namba Saba na Mafuta ya Kukamulia

Kwetu Keringet baridi hupasua ngozi, na hakuna mtoto wa mamangu anayetoka nje akiwa amepauka. Jumapili hukaguliwa magoti kwanza, Biblia baadaye. Kwa hivyo nilipomwona panya namba saba, tumbo limenyolewa na limekauka kama chaki, roho iliniuma.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Dadangu mkubwa, anayesoma chuo karibu na Nakuru, alikuwa amenipeleka kuona panya wa mradi wake wa mwisho. Nusu yao aliwapaka tumboni dawa inayochokoza ngozi. Nusu nyingine, akiwemo saba, aliwapaka spiriti tupu. Baadaye angewadunga wote protini ya yai, kisha apime kingamwili, wale askari wa damu, aone kama ngozi iliyochokozwa huwaongeza. Mradi ukikataliwa, hafuzu.

Alipotoka kuchota maji, nilichomoa mfukoni kopo la mafuta ya kukamulia ng'ombe, yale tunayojipaka nyumbani. Saba aling'aa kama kiatu cha prefekti.

Sista akarudi, akasimama. "Mbona huyu anameremeta?"

"Alikuwa amepauka."

"Kwani anaenda kanisa?" Alicheka, halafu akaacha. "Mradi wangu ni wa ngozi, wewe. Ngozi!"

Hakunipiga. Aliendelea na kazi wiki nzima, akipima damu ya kila panya, hata ya saba.

Majibu yalipotoka, saba, wa kundi la spiriti, ndiye aliyekuwa na kingamwili chache kuliko wote, vile tu sista alivyotaka. Akihesabiwa, tofauti ya makundi inaonekana wazi. Akitolewa, inabaki kidogo tu.

"Si umwache humo tu? Nani atajua?"

"Mimi."

Akaandika kwa wino: *Namba saba ameondolewa. Alipakwa mafuta ya kukamulia na ndugu yangu.* Mimi, ambaye huiba kazi ya ziada ya wenzangu hadi siku moja nikanakili jina la mwenyewe, nilimtazama kama mtu anayetembea juu ya maji.

Mhadhiri wake alisoma ukurasa ule mara mbili, mimi nikiwa nimejibana mlangoni.

"Bila saba, tofauti yako ni ndogo."

"Ndiyo, daktari. Ni ndogo."

"Na hujajaribu kuikuza?"

"Ingekuwa kubwa ningeandika kubwa."

Akasaini. Kisha akauliza huyo ndugu yuko kidato cha ngapi, ili chuo kijiandae.