Miswaki ya Mama Kwenye Udongo wa Chumvi

Sisi tuliosoma Kisanga zamani zile tulikuwa na meno ya kujivunia, na sioni haya kulisema. Kila asubuhi mwalimu wa zamu alikagua kucha, kola na meno, na mwenye meno machafu alirudishwa nyumbani. Dawa ya meno ya kuminywa tuliiona kwa wageni tu. Tulitafuna kijiti cha mti wa mswaki mpaka ncha ikawa brashi, tukasugua huku tunatembea, ulimi unawaka moto. Hawa wanangu waliozoea dawa yenye ladha ya stroberi wangelia.

Miti yenyewe ya miswaki ilikuwa ya mama. Baba alikuwa akikata miwa kule Ruaha, na shamba letu la mahindi ndilo lililotulisha mwaka mzima. Kati ya shamba na njia ya ng'ombe palikuwa na ukanda wa udongo wa chumvi, mweupe kiangazi kizima. Ng'ombe walikuja kuulamba, wakimaliza wanaingia kwenye mahindi. Kila ua mama aliopanda pale ulikauka.

Mama Naserian, jirani yetu mfugaji, ndiye aliyemletea mbegu. "Panda mswaki, Mama Rehema," alimwambia. "Huu haugombani na chumvi."

Kweli, haukugombana. Waliogombana nao ni sisi watoto. Kila chipukizi lililotokeza tulilivunja tukawahi ukaguzi. Mama alitushika siku moja, akauliza, "Mnasugua meno ya kulia nini, kama mahindi yanakwisha?" Akamgawia kila mtoto, wake na wa jirani, mti wake, akatuonyesha kukata vitawi vya pembeni tu. Atakayeuua wake, alisema, ataenda shule na meno ya njano.

Mimi, binti yake wa kumzaa, ndiye niliyeharibu. Nilitaka kijiti kinene cha kuwaringia wenzangu, nikakata shina. Kesho yake ng'ombe walipita kwenye pengo langu, na kabla Mama Naserian hajawafukuza walikuwa wamekwisha kula mistari miwili ya mahindi. Niliona aibu ambayo mpaka leo naikumbuka. Mama hakunichapa. Alinisimamisha penye pengo kila asubuhi na kila jioni, nikizuia ng'ombe kwa fimbo, mpaka kisiki kikachipua na kufunga ua.

Mahindi yakapona. Miaka iliyofuata miswaki ikazaa vitunda vyekundu, vitamu vyenye ukali, tukavigombania na ndege shorewanda. Nyuki wakaja, ndege chozi wanaofyonza maua wakaja, pakawa na kelele kuliko darasani. Tulijua kulima, kulinda na kuomba radhi kabla hatujajua kusoma vizuri. Vijana wa leo wanajua mengi, lakini mpe mmoja mche mmoja aulinde, utaona.

Sasa naishi Mikumi, na wiki iliyopita nilikwenda kumwona mama. Ua umepita kimo cha mtu, ng'ombe hata hawaujaribu. Alfajiri nilimkuta nje, amekata vijiti vitano kutoka vitawi vya pembeni, amevichonga ncha vizuri, kavipanga juu ya kigoda. Anawangoja watoto wa shule, aliniambia.

Wakapita, sare safi, midomo inanukia dawa ya dukani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu," akaitika, mkono umeshanyoosha kijiti cha kwanza.

Hakuna aliyesimama.